Mashine ya theluji ya nyumbani: mwongozo kamili wa kuiandaa, kuitumia na kuihifadhi

Mashine ya theluji, ile ya kuondoa theluji njiani, huharibika Julai. Inakuwa imekaa kimya bandani, nyuma ya baiskeli za watoto, na petroli iliyobaki tangu Machi inageuka gundi taratibu ndani ya kabureta. Mwenyewe unakuja kujua Novemba, saa kumi na moja alfajiri: theluji imefika magotini, zamu kazini inaanza saa kumi na mbili na nusu, unavuta kamba mara ya ishirini na injini inakohoa tu, kisha inanyamaza.

Naandika kwa ajili yetu tunaoishi na theluji. Mimi niko Minnesota, lakini ndugu walioko Maine, Wisconsin, Ontario, Quebec au Alberta wana kazi ileile. Wengi wetu tumekua na injini ndogo za aina nyingine: jenereta, pikipiki, mashine ya kusaga, pampu ya kumwagilia. Ukiijua jenereta, nusu ya mashine hii umeshaijua, kwa sababu injini ni ileile ya silinda moja, kabureta moja, plagi moja na kamba ya kuvuta. Nusu ya pili, ile inayokula theluji na kuitema, hatukulelewa nayo, na huko ndiko pesa nyingi hupotelea. Nitakaa huko muda mrefu zaidi.

Kazi hii ifanyike lini

Iwe imekwisha kabla ya tarehe 31 Oktoba. Sikuichagua tarehe hiyo ovyo. Mwaka 1991 dhoruba iliyoanza siku hiyohiyo ya Halloween ilimwaga inchi 28.4 za theluji Minneapolis na St. Paul, yaani sentimita 72, na huko Duluth ikafika inchi 36.9, karibu sentimita 94. Waliokuwa wamepanga kushughulikia mashine zao Novemba walishika sepeto. Baadaye, msimu wa 2022–23, Minneapolis ilipata zaidi ya inchi 90 kwa jumla. Ukiwa na nyumba yako Minneapolis, manispaa inakupa saa 24 baada ya theluji kukoma uwe umesafisha njia ya miguu mbele ya nyumba. Hizo saa zinahesabiwa hata kama mashine yako iko kwa fundi, na Desemba kwa fundi kuna foleni ya wiki kadhaa.

Tenga Jumamosi moja ya Oktoba yenye jua. Saa tatu zinatosha kwa anayefanya mara ya kwanza.

Ijue kwanza unayo ipi

Angalia mdomo wa mashine. Ukiona parafujo kubwa yenye kingo za mpira zinazogusa ardhi, na hakuna kitu kingine nyuma yake, hiyo ni ya hatua moja: parafujo yenyewe inakusanya na kurusha. Ni nyepesi, inafaa theluji ya sentimita 15 hadi 20 kwenye sakafu ya zege au lami. Usiipeleke kwenye changarawe, itarusha mawe.

Ukiona parafujo ya chuma isiyogusa ardhi, na nyuma yake feni yenye mapanga manene ndani ya tundu la duara, hiyo ni ya hatua mbili. Parafujo inavuta theluji kuileta katikati, feni inaipokea na kuitupa kupitia bomba la juu. Wazo hilo la kukusanya kwanza kisha kutupa lina karibu miaka mia moja: Arthur Sicard wa Quebec aliikamilisha mashine yake mwaka 1925, na mwaka 1927 akauzia mji wa Outremont. Ile ilikuwa kama lori. Ya kwako ina upana wa inchi 24 au 28, lakini wazo ni lilelile. Mwongozo huu unaifuata hasa hii ya hatua mbili, kwa kuwa ndiyo yenye vitu vingi vya kutunza.

Mwenye mashine ya zamani ya hatua moja aangalie jambo moja la ziada. Kama injini haina kijiti cha kupimia oili, huenda ni ya kuchanganya oili na petroli kama baadhi ya pikipiki za zamani. Soma maandishi kwenye kifuniko cha tenki kabla ya kumimina chochote. Na mwenye mashine ya betri ataruka petroli, oili na plagi, lakini parafujo, kisu na vitelezi vyake vinahitaji matunzo yaleyale, na betri zilale ndani ya nyumba kwenye joto.

Kabla ya kugusa chochote

Kila mwaka kuna watu huku wanaopoteza vidole kwa mashine hizi, na baadhi yao walikuwa wamezima injini. Inatokea hivi. Theluji nzito yenye maji imeziba bomba. Mtu anazima injini, anaingiza mkono kuikwangua. Lakini mkanda bado umebana na feni bado inasukumana na ile theluji iliyokwama. Theluji ikiachia tu, feni inaruka, wakati mwingine robo ya mzunguko tu. Robo ya mzunguko inatosha kukata vidole.

Kwa hiyo mkono wako usiingie kwenye bomba wala kwenye mdomo wa mashine, iwe imewaka au imezimwa. Mashine nyingi huja na kijiti cha plastiki kilichobanwa juu ya mdomo. Kazi yake ni hiyo peke yake. Kama chako kimepotea, tumia mpini wa ufagio. Achia vishikio vyote viwili, zima injini, toa ufunguo, subiri kila kitu kisimame, ndipo uingize kijiti.

Unapofanya matengenezo, toa ufunguo na uchomoe waya wa plagi, uusogeze pembeni usirudi kugusa plagi. Petroli iwekwe nje, injini ikiwa imepoa. Na usiwashe mashine ndani ya banda la gari hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, inaingia nyumbani kupitia mlango wa jikoni na kuua watu usingizini. Isukume nje kwanza, kisha vuta kamba.

Hatua ya 1: Petroli

Nikiulizwa na mtu kwa simu, "Mashine yangu haiwaki, nifanyeje?", swali langu la kwanza ni: petroli iliyomo uliinunua lini? Mara nyingi jibu huanza na "Aah..."

Petroli ya kawaida huku ina ethanoli asilimia 10. Ethanoli inavuta unyevu hewani, na petroli yenyewe baada ya mwezi mmoja au miwili inaanza kupoteza ule wepesi wa kushika moto. Inayobaki ndani ya kabureta inakauka na kuacha utando wa njano unaonata kama asali, nao unaziba vitundu vyembamba kuliko sindano ya kushonea.

Kama tenki lina petroli ya mwaka jana, itoe. Tumia pampu ndogo ya mkono au fungua bomba la chini na uipokee kwenye chombo. Usiiongezee mpya juu yake ukitumaini itachanganyika.

Nunua mpya kidogo kidogo, utakayomaliza ndani ya mwezi. Siku hiyohiyo ya kununua, mimina kwenye dumu dawa ya kuhifadhi petroli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Dawa hiyo haifufui petroli iliyokwisha kuoza. Epuka pampu za E15 (ethanoli asilimia 15), ambazo mara nyingi zimeandikwa 88, na E85, yenye ethanoli nyingi zaidi, usiisogelee kabisa. Minnesota vituo vingi vina pampu ya petroli isiyo na ethanoli, iliyotengwa kwa boti, magari ya kale na injini ndogo kama hizi. Ni ghali zaidi kidogo kwa galoni, na mimi naona inastahili kila senti, kwani msimu mzima hutumii nyingi.

Sasa kama umeweka petroli mpya na injini bado haiwaki, au inawaka lakini resi inapanda na kushuka, vuum, vuum, vuum, na inatulia tu ukiiweka choki nusu, kabureta imeziba. Usikimbilie kununua nyingine. Funga petroli. Chini ya kabureta kuna kikombe kilichoshikwa na bolti moja. Weka kitambaa chini, ifungue. Ukikuta utando wa njano au vumbi jeupe, umempata mwizi. Piga dawa ya kusafishia kabureta kwenye kila tundu unaloliona. Tundu la katikati, linalosimama kama bomba dogo, lipitishe uzi mmoja wa waya laini wa shaba. Usitumie msumari wala drili, maana ukilipanua injini haitakaa sawa tena. Kwenye injini nyingine za zamani, bolti ya kikombe yenyewe ina vitundu ubavuni. Ile si bolti tu, ni njia ya petroli, nayo isafishwe. Rudisha kikombe kwa uangalifu, raba yake isipinde, fungua petroli, subiri dakika mbili uone kama kinavuja.

Hatua ya 2: Oili na plagi

Hapa ni palepale pa jenereta, sitakaa sana.

Washa injini dakika tano ipate joto, izime, chomoa waya wa plagi, fungua nati ya kumwagia oili, ikinge kwenye beseni. Weka 5W-30, oili nzito ya majira ya joto inaganda kama uji kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri na kamba haitavutika. Mashine nyingi za inchi 24 zinakula kama nusu lita na kidogo, lakini mimina kwa awamu na upime kwa kijiti, mashine ikiwa imesimama sawasawa. Kuzidisha ni kosa sawa na kupunguza. Injini mpya kabisa ibadilishiwe oili baada ya saa tano za mwanzo, maana inatoa unga wa chuma. Baada ya hapo mara moja kwa msimu inatosha mwenye njia fupi ya gari. Oili chafu ipeleke kwenye kituo cha kaunti kinachopokea taka za sumu, usiimwage mtaroni.

Plagi ni ya dola chache, mimi nabadilisha kila mwaka bila kuichunguza. Nafasi ya ncha zake kwa injini nyingi ni milimita 0.76, ila kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Anza kuifunga kwa vidole mpaka ikae, ndipo spana, nusu mzunguko. Ukianza na spana unaweza kuua hesi za silinda, ambayo ni aluminiamu laini.

Na usihangaike kutafuta filta ya hewa. Injini nyingi za theluji hazina, kwa kuwa wakati wa theluji hakuna vumbi, na filta ingejaa barafu.

Hatua ya 3: Pini za kukatika

Hapa ndipo ningependa usome polepole.

Parafujo haikushikamana na shafti yake moja kwa moja. Kila upande, kulia na kushoto, umeunganishwa kwa pini moja nyembamba ya chuma laini, ambayo imetengenezwa makusudi ikatike. Parafujo ikigonga jiwe, mzizi, mnyororo wa mbwa, au gazeti lililoganda kama tofali, pini inakatika, upande huo wa parafujo unasimama, na giaboksi iliyo katikati inapona. Pini ni dola mbili tatu. Giaboksi ni mamia.

Msimu wangu wa pili pini ya kushoto ilikatika katikati ya dhoruba, usiku. Sikuwa na akiba. Nilichokuwa nacho ni kopo la bolti, nikachagua moja iliyoingia vizuri kwenye tundu, ngumu, yenye mistari kichwani, nikaikaza. Ilifanya kazi majuma matatu. Siku iliyokutana na gazeti chini ya theluji, bolti haikukatika. Nilisikia mlio kama wa kijiko kwenye mashine ya kusagia, kisha parafujo zote mbili zikasimama huku injini inaendelea kunguruma. Nilipofungua giaboksi nikakuta meno ya gia ya shaba yamelala yote upande mmoja, laini kama yamepigwa tupa. Bei ya giaboksi ilikaribia nusu ya pesa niliyonunulia mashine nzima.

Ile mistari kwenye kichwa cha bolti ndiyo alama ya ugumu wake. Bolti yoyote yenye mistari hiyo isikaribie parafujo. Nunua pini za mashine yako kwa namba yake, angalau nne.

Kuna hatari ya pili, nayo imejificha zaidi. Hata pini sahihi haitakusaidia kama parafujo imeshika kutu kwenye shafti. Pini itakatika, lakini kutu itaendelea kuzungusha parafujo, na pigo lote litaenda giaboksi vilevile. Kwa hiyo kila Oktoba fanya hivi: chomoa pini zote mbili, kisha shika parafujo ya upande mmoja kwa glavu nene uizungushe. Inatakiwa izunguke yenyewe juu ya shafti, kwa ulaini, bila kuizungusha ya pili. Ikizunguka, tafuta tundu la kupigia grisi kwenye bomba lake, pampu mpaka uone grisi inachungulia mwishoni, zungusha mara kadhaa ienee, rudisha pini. Kama hakuna tundu la grisi, pulizia oili ya kupenya kila mwisho wa bomba.

Isipozunguka, mwagia oili ya kupenya, gonga kwa nyundo ya mpira, acha mpaka kesho, rudia. Mashine moja ya jirani ilituchukua siku nne. Siku ya nne iliachia kwa mlio mdogo, na tukaona kutu nyekundu inatoka na mafuta kama uji wa mtama. Usitumie nguvu ya bomba refu, utapinda shafti.

Ukiwa hapohapo, angalia giaboksi yenyewe. Ina nati ya kujazia. Aina ya mafuta inatofautiana kwa kila mtengenezaji, mengine ni mazito, mengine ni grisi, soma kitabu. Ukiona unyevu mweusi kwenye mihuri ya pembeni (raba za kuzuia mafuta), inavuja, ishughulikie sasa.

Hatua ya 4: Vitelezi na kisu cha chini

Pembeni mwa mdomo kuna vyuma viwili vilivyofungwa kwa bolti, vinateleza juu ya ardhi na kubeba uzito. Chini ya mdomo, kwa upana wake wote, kuna kisu cha kukwangua. Kisu kikigusa ardhi kitakula kila ufa wa zege na kusimamisha mashine ghafla. Kikiwa juu sana kitaacha tabaka la theluji litakaloganda na kumwangusha mtu wa posta.

Kwa zege au lami iliyonyooka, sogeza mashine mahali tambarare, weka chini ya kisu vipande viwili vya mbao au kadibodi vya milimita 3 hivi, kimoja kila upande. Legeza bolti za vitelezi, viache vishuke vyenyewe mpaka sakafuni, kaza. Imekwisha. Kwa njia ya changarawe nyanyua kisu sentimita 2.5 hadi 3, ukubali kwamba tabaka la chini litabaki mpaka likandamizwe.

Vitelezi vingi vinaweza kugeuzwa upande wa pili vikilika, na visu vingi vilevile. Usisubiri kisu kiishe kabisa, maana baada ya kisu kinachofuata kuliwa ni bodi ya mashine.

Hatua ya 5: Mikanda, nyaya na diski

Fungua kifuniko cha plastiki kati ya injini na mdomo. Mashine nyingi zina mikanda miwili hapo: mmoja wa parafujo na feni, mwingine wa magurudumu. Pindua kila mmoja uone ubavu wake. Nyufa, nyuzi zilizochomoza, au ubavu unaong'aa kama kioo ni dalili kwamba umekwisha. Nunua wa mtengenezaji kwa namba yake; mkanda wa gari wenye urefu uleule hautadumu, kwa sababu huu umetengenezwa kuteleza na kushika kila unapobana kishikio.

Kisha nyaya zinazounganisha vishikio na mikanda. Kishikio kikiachiwa, mkanda ulegee kabisa. Kikibanwa, ubane. Jaribio lake utalifanya injini ikiwaka: bana kishikio cha parafujo, achia, hesabu. Parafujo isimame ndani ya sekunde tano. Isiposimama, waya umebana mno au breki imelika, na mashine hiyo haifai kutumika mpaka itengenezwe. Mimi silegezi kwenye hili, hasa nyumba yenye watoto.

Kama mashine inaunguruma lakini inapanda kilima kwa shida, tatizo huwa kwenye diski ya mpira iliyo chini, inayobeba mwendo kwenda magurudumuni. Punguza petroli, lalisha mashine kwenye mdomo wake, fungua bati la chini. Mpira ukilika karibu na chuma, badilisha. Angalia kitu kimoja tu: oili na grisi zisiiguse diski hiyo. Tone moja linatosha kuifanya iteleze.

Tairi zote mbili ziwe na upepo sawa, kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Zikitofautiana mashine itavuta upande mmoja na mikono yako ndiyo itakayolipa. Ndani ya bomba la kutemea, mdomoni na kwenye mapanga ya feni, futa kavu upulize silikoni, au upake nta ya gari. Ukikosa vyote, mafuta ya kupikia ya kupuliza yanafaa kwa siku moja au mbili. Theluji yenye maji ndiyo inayoziba, na juu ya nta inateleza kama samaki.

Hatua ya 6: Kuiwasha

Isukume nje. Fungua petroli, ingiza ufunguo, choki yote, resi juu, bonyeza kile kipira cha kusukuma petroli mara mbili au tatu. Vuta kamba polepole mpaka uhisi ugumu, iache irudi, kisha vuta kwa nguvu moja ndefu. Ikishika, punguza choki hatua kwa hatua, iache ipate joto dakika mbili tatu kabla ya kuipa kazi.

Mashine yenye stata ya umeme hapa Marekani na Kanada kwa kawaida inatumia volti 120. Chomeka waya kwenye mashine kwanza, ndipo ukutani. Ukimaliza, chomoa ukutani kwanza. Bonyeza kwa sekunde chache tu, pumzisha, rudia. Stata ndogo hizi zinaungua upesi.

Siku ya theluji

Jioni kabla ya dhoruba, zunguka uwanja na tochi: magazeti, zulia la mlangoni, nyaya za taa za Krismasi, midoli, mawe. Kila kitu utakachokiacha, mashine itakipata.

Usisubiri theluji yote ianguke. Ikifika sentimita 15 toka, pita mara moja, rudi tena baadaye. Resi iwe juu muda wote wa kazi, kwani feni inahitaji kasi ili itupe mbali. Ukitaka kwenda polepole punguza gia, sio resi. Geuza bomba upepo unakokwenda, mbali na watu, madirisha na gari la jirani.

Kazi ngumu kuliko zote ni lile tuta analoliacha greda wa manispaa kwenye mdomo wa njia yako. Ni mchanganyiko wa theluji iliyoshindiliwa, chumvi na mabonge ya barafu, na likilala usiku mmoja linakuwa kama saruji. Lishambulie mapema. Gia ya chini kabisa, na uchukue nusu ya upana wa mashine kila unapopita. Usilirukie kwa kasi, hapo ndipo pini hukatika.

Ukimaliza, usiizime palepale. Ikiwa nje bado, bana kishikio cha parafujo dakika mbili ijikung'ute. Fagia theluji iliyobaki kwenye mdomo na karibu na kabureta kwa brashi. Zima, kisha vuta kamba taratibu mara mbili tatu ili matone yasigande kwenye springi yake. Mashine iliyowekwa na theluji ndani itayeyuka kidogo, itaganda tena, na asubuhi feni itakuwa imekamatwa na barafu. Ukiilazimisha utasikia harufu ya raba inayoungua: ni mkanda unakufa. Achia kishikio, iweke mahali penye joto mpaka iyeyuke, mbali na hita ya maji au moto wowote, kwa sababu mvuke wa petroli unatambaa sakafuni.

Kuihifadhi theluji ikiisha

Minnesota mimi sihifadhi kabla ya mwisho wa Aprili, theluji ya Aprili nimeiona mara nyingi.

Kuna njia mbili. Moja ni kujaza tenki petroli safi yenye dawa na kuwasha injini dakika kumi ili dawa ifike kwenye kabureta. Ya pili ni kutoa petroli yote, kuiacha injini iwake mpaka izime yenyewe, kisha kulegeza bolti ya kikombe cha kabureta umwage matone ya mwisho. Nimejaribu zote na ninashikilia ya pili. Kabureta kavu haina cha kuganda ndani yake.

Badilisha oili wakati injini ina joto, kama hukubadilisha Oktoba. Toa plagi, tia kijiko kimoja cha chai cha oili safi ndani ya silinda, vuta kamba taratibu mara mbili ienee, rudisha plagi, kisha vuta mpaka uhisi ugumu na uache hapo. Valvu zitakuwa zimefunga na unyevu hauingii. Osha chumvi yote kwenye mdomo, ikauke, na kila mahali rangi imechubuka paka rangi au grisi nyepesi. Funika kwa shuka kuukuu au turubai linalopitisha hewa. Plastiki inafungia unyevu. Ziba tundu la ekzozi kwa kitambaa chekundu kinachoonekana, maana panya wanapenda kujenga humo.

Pini za akiba nunua palepale Aprili, kwani wiki ya dhoruba madukani hazipatikani. Zitie kwenye mfuko mdogo pamoja na karatasi yenye namba za mikanda, namba ya plagi na tarehe uliyobadilisha oili, uufunge kwenye mpini. Ufunguo uuweke ndani ya nyumba, mahali watoto hawafiki.